Kitambaa Hakijui Kuandika

Walinipandisha juu ya kreti ya bia, uwanjani pa kazi, ili hata wa nyuma kabisa wanione vizuri. Delege, yaani mjumbe wa chama pale kazini, alisimama kando yangu. Alikuwa ameinua kitambaa changu cha njano, kile nilichofutia vumbi, amekishika kwa vidole viwili kama mtu anayetoa panya mfu ndani ya nyumba.

"Muone silaha!" alipiga kelele. "Njo hii ilifunga mashini. Njo hii ilikula bunga ya batoto benu!"

Watu wakazomea. Walikuwa majirani zangu wa kambi ya wafanyakazi, watu tuliozikiana ndugu. Sikuwalaumu sana. Mwenye njaa ukimwonyesha mtu wa kumchukia, hana nafasi ya kuuliza maswali.

Kisha ngoma zikaanza. Wakati ule hapakuwa na mkutano bila kikundi cha akina mama wa chama kucheza kwanza, hata mkutano wa kumtupa mtu. Waliingia kwa mistari wamevaa sketi mpya za utepe mwembamba wa kahawia, unaong'aa, umefungwa kiunoni na kuachwa ukaning'inia mpaka magotini. Jua lilipoupiga ulimetameta. Watu wakaacha kuzomea, wakapiga makofi kwa uzuri wake.

Mimi nilitazama zile sketi, nikautambua ule utepe. Ilikuwa mikanda ya kumbukumbu ya mashini. Mikanda ambayo nilisingiziwa kuipoteza, ambayo tuliitafuta mpaka chooni, ilikuwa inacheza mbele yangu viunoni mwa watu.

"Ile!" nikapiga kelele. "Ile njo bande! Muangalie ku biuno!"

Walionisikia walicheka. Walidhani natazama viuno.

Sasa nirudi nyuma, maana nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa kuanzia kwenye kreti.

Mimi ni mtoto wa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Babu yetu alitoka Maniema, baba alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwetu mtu aliyejua kusoma barua aliitwa kusomea jirani. Shule niliacha darasa la nne. Lakini nilikuwa na mikono misafi na sikuwa mwizi, na kwa sababu hizo mbili nikapata kazi kwenye kampuni ya shaba, katika chumba cha mashini ya hesabu, ile ambayo leo kila mtu anaiita kompyuta. Ilikuwa miaka ya mwisho ya nguvu ya chama kimoja, ingawa hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, vumbi. Vumbi la Lubumbashi wakati wa kiangazi halina adabu, linapita hata mlango uliofungwa, na mashini ile ilikuwa inaliogopa kama mgonjwa wa pumu. Baba alinishonea kitambaa cha flaneli ya njano, mabaki ya shuka la mteja, akakipinda pande zote nne ili kisitoe nyuzi. Ya pili, mikanda. Sisi tulisema bande. Yalikuwa magurudumu ya utepe, kila moja ndani ya kopo lake. Kila Ijumaa mashini ilinakili humo yote inayoyajua: majina ya wafanyakazi, wake zao, watoto wao, na kila nyumba inastahili posho kiasi gani, yaani unga wa mwezi. Nikitoka kusali Ijumaa nilikuta makopo yananingoja, nikayapanga kabatini. Na mkanda ule wa kwanza kabisa, ulioletwa pamoja na mashini, wa kuiamshia ikilala kabisa, nao ulikuwa humo.

Shefu wa mashini, mtu aliyesoma Ulaya, aliniambia siku ya kwanza: "Mashini ikikufa, njo hii itaifufula. Hii ikipotea, tunakufa pamoja na mashini."

Alinieleza pia mambo ya milango, kwa kuwa alipenda kueleza. Ndani ya mashini kila kitu kina mlango, alisema, na kila mlango una ruhusa zake: nani asome, nani aandike, nani akitumikishe. Mwenye nyumba ana ruhusa zake, jamaa zake wana zao, mpita njia ana zake au hana kitu. Nilielewa upesi. Maisha ya kambi yalikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na duka la wakubwa na duka la wadogo, na hospitali ambapo mtoto wako anaingia na mama yako mzazi anarudishwa mlangoni.

Basi Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo. Asiyejua ajue: salongo ilikuwa kazi ya lazima ya usafi, nchi nzima, mkubwa na mdogo, kila mtu na ufagio. Pale kazini delege wa chama alipita ofisi kwa ofisi kukagua, na kipimo chake kilikuwa jasho. Chumba chetu kilimkera. Mle ndani mlikuwa na baridi ya kutengenezwa, na hakuna aliyetoka jasho.

Jumamosi ile aliingia na vijana wake wawili na mkokoteni.

"Ninyi salongo yenu ni ya nini?" akauliza. "Munakaa tu mu baridi, kama bazungu."

"Tunapanguza vumbi, citoyen delege," shefu akajibu. Wakati ule sote tuliitana citoyen, yaani raia.

"Ya inje. Na ya ndani?"

"Ndani ya mashini?"

"Usafi ni mupaka ndani. Nasikia mule kila muntu anasoma mushahara ya bakubwa. Ule njo uchafu. Funga."

Ni kweli kulikuwa na mnong'ono kwamba wasichana wa kupiga chapa walichungulia mishahara ya wakubwa. Shefu akasema anaweza kufunga chumba kile kimoja cha mishahara.

"Kimoja? Discipline iko ya chumba kimoja? Funga yote. Kwa bantu bote. Na nione na macho yangu."

"Yote, citoyen, itakuwa..."

"Itakuwa nini? Unakatala salongo?"

Neno hilo wakati ule halikuwa mzaha. Shefu akanitazama mimi, eti mimi wa darasa la nne nimsaidie. Nilikuwa meza ya pili nafuta. Nikaona akiketi, akaandika mstari mmoja mfupi, mfupi kuliko salamu, akabonyeza. Kama angeuandika kwa chumba kimoja, ningekuwa nimestaafu kwa heshima. Aliuandika kuanzia juu kabisa, shina na matawi yote, na kwa kila mtu, mwenye nyumba naye ndani.

Delege alibaki ametoa macho. Hakuna kilichoonekana. Hakuna taka iliyotoka. Akatafuta kitu cha kubeba, macho yakaangukia kabati langu.

"Na ile takataka?"

"Ni bande ya mashini," nikasema.

"Ya zamani?"

Shefu, bila kugeuka, macho kwenye kioo cha mashini: "Zingine ni za zamani, ndiyo."

"Ya zamani itoke. Bebeni."

Vijana wakaanza kupakia mkokoteni. Hawakuchagua za zamani, walibeba kabati zima. Nikasimama mbele yao. "Shefu, banabeba bande! Yote!"

Akainua mkono, bado hakugeuka. "Acha kwanza."

Nimelala na maneno hayo mawili miaka yote hii.

Shefu, macho kwenye kioo, hakuwa na habari ya kabati. Alikuwa ameanza kuelewa. Aliandika amri moja, mashini ikakataa. Akaandika nyingine. Akatutafsiria kwa sauti ndogo: "Ruhusa hakuna." Akajaribu ile amri yenyewe ya kufungulia milango. Nayo ilikuwa kitu kama vitu vingine, ina mlango kama vingine, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa ametoka nje ya nyumba, amevuta mlango, na ufunguo uko mezani ndani.

Hapo salongo ikapata jasho. Lilimtiririka shefu mpaka kwenye kola.

"Juu ya nini mashini imenyamaza?" delege akauliza.

Shefu akajipangusa shingo. Kisha: "Labda... vumbi. Labda kitambaa kiligusa fasi fulani."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, nikidhani anamchezea delege, kwamba akitoka tu tutacheka wote wawili. Shefu hakucheka.

Jumatatu hakuna aliyeweza kuingia ndani ya mashini. Wasichana wa kupiga chapa walikaa mbele ya vioo vyao wakisuka nywele. Shefu alikuwa na dawa moja tu, mikanda: aiamshe mashini kwa mkanda wa kwanza, airudishie kumbukumbu za Ijumaa pamoja na ruhusa zake zote kama zilivyokuwa, na watu wasingejua hata kama kulitokea kitu. Akanituma kwa delege.

Nilimkuta ofisini kwake anakunywa chai na mkate. "Bande gani?" akasema. "Miye nilibeba takataka."

"Takataka ile iko wapi, citoyen? Nitaichambua mwenyewe."

"Unataka kuchambua takataka ya chama?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Weye ni mwangalizi wa bande, si ndiyo? Bande ikipotea, inapotea kwa nani?"

Nikarudi nikamweleza shefu. Nilidhani atasimama, avae koti lake, aende. Yeye ndiye aliyeona mkokoteni. Akasema tu, "Tutaomba zingine Kinshasa."

Hapo ndipo kuhangaika kulipoanza hasa, na sijui jinsi ya kukueleza kuhangaika kwa kukaa. Mashini ilikuwa nzima. Majina yote yalikuwa humo, unga wote, watoto wote. Taa zake ziliwaka, ilinguruma vizuri kama paka aliyeshiba. Ila hairuhusu. Kila asubuhi shefu aliketi, akaandika, ikamjibu yale yale. Nilimsikia akiibembeleza. Nilimsikia akiitukana kwa Kifaransa, kisha kwa Kibemba cha mama yake. Mimi nilifuta vumbi, na kila nilipoinua kitambaa wasichana walinong'onezana: "Angalia, njo ile."

Nilikwenda uwanja wa ndege kungoja mkanda wa Kinshasa. Ndege haikuja. Ikaja, mkanda haukuja. Mkanda ukaja, nikaubeba kifuani kama mtoto mchanga, shefu akaufungua, na ulikuwa wa mashini ya aina nyingine, hata haukuingia mahali pake. Akauweka mezani, akautazama, akanituma nikamnunulie sigara. Hakuwa mvutaji.

Mwisho wa mwezi ukafika. Ghala la posho lilikuwa na unga umejaa mpaka dari, hili kila mtu alikuwa akiliona kupitia dirishani. Lakini mgawaji alikataa kutoa hata kikombe bila karatasi ya mashini. "Nitajua je nani iko na batoto wangapi? Kila muntu ataniletea batoto ya jirani." Na watu wakasimama na magunia yao matupu, unga mbele yao, hauruhusiwi. Mashini na ghala vilikuwa ugonjwa mmoja.

Nyumbani mke wangu aliyaona mabaya zaidi kuliko mimi. Kwenye bomba la maji walimpa jina.

"Pita mbele, Mama Kitambaa," jirani akamwambia, "usije ukatupanguza na siye."

Mke wangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Alitua ndoo. "Kitambaa ya bwana yangu haijue kuandika. Ingejua, ningeituma ku masomo pa fasi ya bwana mwenyewe."

Walicheka, hata yule jirani. Lakini jioni aliniuliza bila kucheka: "Shefu amesema kweli?" Nikamwambia bado. "Atasema lini? Bakitutosha inje ya hii nyumba, tutaenda wapi na batoto?" Hicho ndicho kilichokuwa mezani. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na hospitali, na shule. Ukifukuzwa kazi hupotezi kazi tu, unaondolewa katika kila mlango siku moja.

"Shefu ni mutu wa kusoma," nikamjibu. "Atasema."

Mkanda sahihi ulikuja hatimaye. Mashini ikaamka. Lakini mkanda ule ulijua milango ya mashini tu, wala si milango yetu tuliyoijenga juu yake miaka yote. Kumbukumbu za milango hiyo zilikuwa kwenye mikanda ya mkokoteni. Kwa hiyo shefu akaanza kufungua kwa kukisia. Alifungua mishahara, mashini ya kuchapa ikakataa. Alifungua ya kuchapa, wasichana wakakosa kuingia. Aliwaingiza wasichana, hesabu za posho zikagoma. Kila alipotibu jino moja liliuma la pili. Mwisho alichoka. Akaandika mstari mwingine mfupi, kutoka juu kabisa, na safari hii alifungua kila kitu kwa kila mtu.

Na ndivyo ilivyobaki. Mishahara ya wakubwa, ile ambayo delege alitaka ifichwe, sasa hata mfagizi angeweza kuisoma akipenda. Hakuna aliyemwambia delege.

Unga ukatoka. Nilibeba gunia langu kichwani mpaka nyumbani na nikadhani yamekwisha. Mashini imepona, watu wamekula, nani atakumbuka kitambaa?

Mkurugenzi alikumbuka. Akatuma kuuliza nani alaumiwe, maana karatasi ya wakubwa haipendi nafasi tupu. Delege hakuweza kujitaja. Shefu hakuweza kumtaja delege. Mimi sikuwa na mtu wa kunizuia nisitajwe. Ndipo wakaleta kreti.

Shefu alikaa mstari wa mbele siku ile, katika abakosti yake safi, lile koti la chama lisilovaliwa na tai. Nilipoona sketi za mikanda nilimgeukia yeye, si watu. "Shefu, unaona! Sema!" Alikuwa ameziona. Yeye peke yake katika uwanja wote alijua utepe ule ni nini. Akavua miwani, akatoa leso mfukoni, akaanza kuifuta.

Kipande cha utepe kilidondoka kutoka kwenye sketi ya mcheza ngoma mmoja. Nikaruka kutoka kwenye kreti nikiokote, niwaonyeshe. Wakasema nimeshika sketi ya mama wa chama mbele ya bendera. Basi makosa yakawa mawili: hujuma na utovu wa adabu.

Ya huko kizuizini waliponiweka sitayaandika yote. Sikio la kushoto liliniishia huko. Waliniuliza kila mara nani alinituma na kitambaa. Nilipotoka, nyumba yetu ilikuwa na pazia la watu wengine. Mke wangu na watoto walikuwa kwa baba, Kamalondo, wamelala kati ya cherehani na marundo ya nguo za wateja.

Baba aliwahi kwenda kwa delege nikiwa ndani. Alivaa kanzu yake nyeupe, akatembea kwa mguu mpaka ofisini. "Kitambaa kile nilikipinda mimi," alimwambia. "Kama kina hatia, funga mimi fundi. Kama hakina, nirudishie." Walimtoa kwa kumshika mkono. Alikufa bado anakidai.

Sisi tukaenda Annexe, pembezoni mwa mji, kulima. Mikono ya kupanga mikanda haikujua jembe, ilijifunza kwa malengelenge. Mwaka wa kwanza tu, mahindi yalipoanza kuota, nikaona shamba la jirani linametameta. Alikuwa amefunga utepe wa kahawia kwenye vijiti ili upepo ukipiga ndege waogope. Nikaingia shambani mwake bila hodi.

Mwenye shamba alikuwa mama mmoja wa kile kikundi cha ngoma. Naye alikuwa ameachishwa, kampuni ilipoanza kuanguka.

"Hii mulipata wapi, mama?"

"Delege njo alitupa, yaya," akasema, maana kwetu yaya ni kaka. "Mu ofisi yake mwenyewe. Alisema ni utepe ya Ulaya, tushone majupe ya sikukuu." Akanitazama vizuri, akaniweka mahali pangu, juu ya kreti. Akafunika mdomo. "Weye njo ule... Hatukujua, yaya. Hatukujua."

Ninamsadiki. Alinikatia kipande.

Shefu nilikutana naye miaka baadaye, Kamalondo, anashonesha suruali. Alizeeka vizuri. Aliniamkia kwanza.

"Nilikuwa na batoto," akasema, hata kabla sijamuuliza.

"Na miye nilikuwa na kuku?"

Akaikunja suruali yake. Kisha, sijui alidhani atanifariji: "Lakini mashini ilipona, unajua."

Sikumpiga. Watu waliokuwepo watakwambia sikumpiga.

Sasa ninawataja, kwa kazi zao, maana kila aliyekuwepo anawajua kwa sura. Delege aliyesema "yote" na akabeba kabati, leo anauza samaki wakavu wa Pweto kwa jumla, na kwenye matanga anapewa kiti cha mbele. Shefu aliyeandika, anakula pensheni. Mkurugenzi aliyetia sahihi bila kuniita hata dakika moja, sijui yuko nchi gani, lakini mkono uliotia sahihi bado anao.

Wasiniletee unga. Wasiniletee salamu kwa watoto wangu. Nataka waje, mmoja au wote watatu, palepale uwanjani, mchana, na wale waliozomea wawepo. Kreti nitaileta mwenyewe. Utepe ninao. Delege apande wa kwanza, aeleze mkokoteni wake ulikwenda wapi. Kisha wewe shefu, wewe uliyenieleza milango: panda, vaa miwani yako, uwatazame watu, uwaambie ni mkono wa nani ulioandika ule mstari. Nangoja jibu. Sikio la kulia bado linasikia.